Telekomandi ya Geti Haina Hatia

Jumamosi, mwezi wa nne, 2005. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa jua limetoka na uwanja unafuka mvuke kama sufuria ya maharage.

Kwa heshima na taadhima, ofisi ya habari ya nyumba yetu ya Mutanga Sud, hapa Bujumbura, yenye mfanyakazi mmoja ambaye ni mimi, inafuta tangazo lake la wiki iliyopita. Telekomandi ya geti, kile kitufe cha kulifungua kwa mbali, haina hatia. Redio za askari wa doria hazina hatia. Hata betri, niliyoiita majina ambayo sitayarudia hapa, haina hatia.

Wasomaji wangu sita (nawajua wote, wawili ni shemeji zangu) mnastahili maelezo.

Mama alivunjika nyonga mwaka jana. Tulimtoa kwake mtaa wa Buyenzi, ambako mlango wake mchana ulikuwa pazia tu, tukamleta kwetu. Huku kuna ukuta na geti la chuma, na tangu vita vianze kila jirani ameongeza mistari ya matofali mpaka tunaonana paa tu. Msichana aliyekuwa akifungua geti mchana ameolewa. Mimi niko dukani mtaa wa Asiatique natengeneza redio, mke wangu Mama Yasini anafundisha, watoto wako shule. Rafiki zake Mama wakipanda taksi kutoka Buyenzi kuja kumwona, wanagonga, wanangoja, wanarudi. Yeye yuko ndani, anawasikia wakigonga na hawezi kufika.

Alianza kunyamaza, yeye aliyekuwa anaweza kukusimulia harusi moja siku tatu.

Sasa, fundi akiona huzuni anatafuta bisibisi. Niliamua geti lifunguliwe na Mama mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, bila waya. Mota ilipatikana. Kazi ikawa kuchagua telekomandi ya kuaminika.

Ya kwanza aliileta shemeji kutoka Ubelgiji. Ina vitufe kumi na sita na kioo kinachowaka rangi ya bluu. Ingeweza kufungua geti, kuwasha taa na kuvuta mapazia, utadhani sisi matajiri wa Kiriri. Lakini kila umeme ukikatika, ilisahau kila kitu ikaanza kuuliza saa ngapi. Na umeme wenyewe ndio huu wa Bujumbura! Kwa siku moja iliniuliza saa mara tano, nikahisi nimeoa mke wa pili.

Ya pili ilitoka Dubai, nzuri, nyepesi. Hiyo haikusahau kitu. Tatizo ni kwamba kila jirani alipofunga gari lake kwa kitufe, geti letu nalo lilifunguka kwa adabu. Mama Yasini alisimama mlangoni akalitazama geti, akanitazama mimi.

"Baba Yasini, miaka yote hii tumejenga ukuta, we umeleta kitu cha kuita watu?"

Ikaondoka siku hiyo hiyo.

Ya tatu niliipata kwenye sanduku la vitu vilivyosahaulika, duka la pili kutoka langu. Kitufe kimoja tu. Ukibonyeza geti linafunguka, ukibonyeza tena linajifunga. Nyuma ina vijiti vidogo vya kupanga namba ya siri, nilivipanga kwa kijiti cha meno. Kipokezi chake na mota vinakula betri ya gari, kwa hiyo umeme ukatike usikatike, shauri yake. Nikaijaribu kutoka sebuleni, jikoni, nyuma ya tangi la maji. Nilibonyeza mara mia moja, Yasini akiweka alama daftarini. Geti likatii mara mia moja. Doria ikapita, askari mmoja akasimama kuangalia chuma kikienda na kurudi.

"Muzee, hii geti iko na nini?"

"Iko na kazi mpya, mwanangu."

Akacheka, akaomba abonyeze. Akabonyeza mara tatu. Kwa hiyo ni mara mia na tatu.

Nikampa Mama. Akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, mahali pa vitu vya maana.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Bi Zaituni na wenzake wawili wakaja. Bi Zaituni ni rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa madrasa. Wakagonga. Geti likafunguka lenyewe, pole pole, wala hakuna mtu nyuma yake. Wakasimama hapo hapo, maana mgeni hapiti bila mwenyeji kutoka kumpokea. Wakangoja. Kisha geti likajifunga mbele ya pua zao.

Saa tano Bi Zaituni alikuwa dukani kwangu, kilemba kimekaa upande.

"Ramadhani, mama yako anatufungia mulango? Sisi?"

"Apana, Bi Zaituni. Ni mawimbi. Redio za askari zinaingilia."

"Mawimbi yako yanajua kuchagua watu?"

Wateja wangu walicheka. Mimi nikachukua bisibisi yangu. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama ametazama ukuta. "Kitu chako kimeharibika," akasema, basi. Nikaamini. Nikaandika hapa kwa kujigamba yale maelezo yote ya mawimbi, mkanisifu, mmoja wenu akaniita profesa.

Siku saba nimefungua na kufunga kile kisanduku cha kipokezi. Nimebadilisha betri, nimehamisha antena, nimepanga namba upya. Sikuona kosa. Fundi asiyeona kosa ni mtu hatari. Nilianza kufungua hata vitu visivyohusika, ndiyo maana pasi yetu haifanyi kazi.

Juzi Alhamisi nilikuwa nimekaa chini mbele ya kiti chake, vipande vimetapakaa juu ya gazeti.

"We Rama. Acha," akasema. "Haina ubovu. Ni mi nilifunga."

Nikaweka bisibisi juu ya gazeti.

"Nilifungua, nikawaona. Wamevaa nguo ya Idi, wote watatu. Na mi nimekaa hapa kama gunia ya makaa. Mi sijawahi kupokea mugeni nikiwa nimekaa."

Na kweli. Huku kwetu mgeni unamwinukia, unamkumbatia, unamshika mikono, mnaulizana habari za watu wote mpaka waliokufa. Mama alikuwa anafika hadi barabarani. Nilipima ukuta, nikapima betri, nikapima hatua kutoka kitini hadi getini. Yeye sikumuuliza hata swali moja.

Nikiri na lingine, kwa kuwa leo ni siku ya kukiri. Mashine ile niliitaka na mimi. Ikifungua geti, ningekaa dukani bila moyo kunisuta.

Nikamuuliza basi anataka nini. Akafungua ncha ya kitenge.

"Mupelekee Zaituni hii. Aje peke yake. Afungue mwenyewe, aingie kama mutu wa nyumba. Mutu wa nyumba haumuinukii."

Mama Yasini alifikiria usiku mzima kuhusu kitufe cha geti letu kukaa Buyenzi, nyakati hizi. Asubuhi akasema, "Zaituni? Mupe."

Hivi ndivyo ilivyokuwa leo, bila mawimbi. Saa nne na nusu geti lilifunguka. Mama Yasini na watoto walikuwa wametoka, mimi nilikuwa sebuleni, nikaona mkono wa Mama unatafuta kitufe ambacho hakipo tena. Bi Zaituni aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa na gauni la nyumbani, na "hodi" ameipiga akiwa tayari ndani. Hakungoja mtu ainuke. Alivua viatu, akavuta mkeka, akakaa chini kabisa miguuni pa Mama, akanyoosha miguu yake.

"Magoti yangu nayo yamekufa," akasema. "Ukinifungia tena nitavunja hiyo chuma."

Mama alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akaniambia niondoke, nipike chai. Nilipika chai mara tatu. Harusi ya mwaka gani sijui ilisimuliwa hadi saa tisa, na hawajafika kwa bibi harusi.

Jambo la mwisho. Nilipomsindikiza Bi Zaituni kwenye taksi, tulikuta geti liko wazi. Alidhani linajifunga lenyewe, kama siku ile. Mama alikuwa na macho kwa mgeni wake tu, na mimi, bingwa wa vifaa vya kuaminika, sikutazama. Tangu saa nne na nusu mpaka saa tisa geti letu lilikuwa wazi barabarani, mwaka huu, mtaa huu, na hakuna aliyeingia isipokuwa kuku wa jirani.

Mama Yasini hasomi blogu hii. Shemeji zangu, nawaomba.