Sentimita Kumi na Nne za Kabini ya Baba

Durban, Jumapili mchana

Kaka Ambakisye,

Lori la baba lilikatwa na wanunuzi wa vyuma chakavu Jumanne ya wiki iliyofuata Pasaka, na mimi nimeambiwa na shangazi wiki saba baadaye. Naanza na hilo ili salamu zisilifunike. Sasa salamu: hujambo wewe, shemeji na watoto? Mama miguu yake inaendeleaje na baridi ya huko kwetu Ruanda, Mbeya? Mimi mzima. Gereji ina kazi, nanyoosha bodi za magari kutwa.

Nilipokupigia simu ulinijibu, "Mdogo wangu, lile lilishakuwa banda la kuku. Tulitaka nafasi ya choo, vyuma vyote vimeenda pamoja." Kaka, uwanja wetu ni mita thelathini kwa arobaini. Lori lilikaa kwenye mita saba kwa mbili na robo. Choo gani hicho kilichokosa pa kukaa? Ukasema tutaongea, ukakata.

Baba mlimzika mimi nikiwa huku, hati yangu ya kusafiria imeisha muda. Nilichobakiza kuja kukishika ni lile lori. Sikuwahi kukwambia, lakini tangu mwaka juzi naliunda upya, dogo. Hapa kuna duka linauza malori ya plastiki vipandevipande ndani ya boksi, unaunga mwenyewe kwa gundi. Sentimita moja ya hilo dogo ni ishirini na nne za lori la kweli. Upana wa kabini ya baba niliupima kabla sijaondoka: mia mbili na kumi na sita. Kwa hiyo la kwangu lazima liwe na tisa kamili.

Nimenunua ya watengenezaji watatu, aina ileile ya lori la pua, lenye injini mbele ya kabini. La kwanza, la bei ya chini, lina nane nukta nne. Vipande havikutani, nimeziba nyufa kwa pati kama gari lililopinduka. Piga hesabu: pamepungua sentimita kumi na nne na ushee. Baba akikaa, mama akikaa, hapo palipopungua ndipo nilipokuwa nakaa mimi.

La pili lina tisa kamili, ila plastiki yake inakatika kama biskuti, na milango imechorwa tu, haifunguki. Baba angeingilia wapi? La tatu ni kazi ya mtu anayejua. Vipande vinaingiana bila kusukumwa, milango inafunguka, upana umepungua milimita moja basi. Lakini usukani wameuweka kushoto. Nimeukata nikauhamishia kulia, kazi ya siku nne.

Dereva Sikazwe, anayekuletea barua hii, alinikuta nalo akacheka. "Fundi, na mvi zako unacheza midoli?" Kisha akalishika, akafungua mlango, akachungulia ndani. "Paa mbona liko chini? Mzee wako alikuwa mfupi?"

Baba hakuwa mfupi, na aliendesha na kofia kichwani. Paa za hawa watatu zinatofautiana, kila mmoja na lake, na mimi paa ndilo nililosahau kupima. Nikifumba macho namwona akishika dari kwa kiganja tukiingia kwenye mashimo, na mama anamwambia, "Shika usukani, baba, dari haianguki." Namsikia kabisa. Lakini hiyo siwezi kuipima.

Shangazi ameniambia hivi: "Mwanangu, kichwa cha lori, ile kabini, hakikupakiwa siku ile, gari la wale wa vyuma lilijaa. Nasikia kaka yako alikipeleka Tunduma mwenyewe." Wewe uliniambia vyote vilienda pamoja.

Nisalimie mama, umwambie namuwaza kila nikikaa kula. Nisalimie shemeji na wanangu wote wawili. Shangazi naye msalimie, na asigombezwe kwa kunieleza.

Sikazwe akishusha mzigo Mbeya anarudi, na Alhamisi saa sita mchana anavuka mpaka. Sitaki habari za choo. Niandikie kwenye karatasi: kabini ya baba ipo, au haipo? Kama ipo, kutoka kiti hadi dari ni sentimita ngapi? Umpe mkononi kabla hajavuka.

Mdogo wako,
Anyosisye