Jina la Msahihishaji

Kairo, 3 Februari 2016

Mwanangu Nermin,

Hujambo? Baridi ya Berlin imepungua? Mimi mzima, goti tu linanisumbua ngazini. Riwaya yako nimeisahihisha yote. Huo mji ambao mtu hafungi dirisha lake bila kibali umeninyima raha. Umeandika ni mwaka 2071, lakini bawabu wako anavaa koti la bawabu wetu na kuchungulia vilevile. Utamdanganya nani? Chapisha Beirut, na jina langu usiliweke popote. Pasipoti ninayo, nikipata viza nakuja kabla ya baridi.

Wako, Baba

Berlin, 9 Juni

Baba mpenzi,

Naubusu mkono wako. Goti linaendeleaje? Kitabu kimetoka, nakutumia kwa mkono wa Bi Ferial, anayesafiri kuja huko Kairo. Usinikasirikie: ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, nimeandika "Msahihishaji: Wagdi Shukri Halim". Miaka thelathini na minne umelisahihisha gazeti zima, na jina lako halikutokea hata siku moja. Ukurasa ule hakuna anayeusoma.

Mwanao, Nermin

Kairo, 2 Julai

Mwanangu,

Natumai hujambo. Wapo wanaousoma. Walikuja watu wawili wa usalama wakati wa chakula, kitabu mkononi. Wewe hawakufikii, mchapishaji yuko Beirut, nimebaki mimi. Waliniuliza rais wa mwaka 2071 ni nani.

"Hajazaliwa bado, bwana," nikajibu.

Hawakucheka. Wamechukua pasipoti. Nikitia saini kwamba Wagdi wa kitabuni ni mtu mwingine, watairudisha. Sikukasirikii. Nilipoliona jina langu nililia kwa furaha. Kulikana sitaki.

Baba

Berlin, 15 Julai

Baba yangu,

U mzima? Mimi sili wala silali. Kosa ni langu, usilibebe wewe. Jina ni wino tu, mimi nakutaka wewe. Nakuomba, tia saini uje.

Mwanao

Kairo, 28 Julai

Mwanangu Nermin,

Salamu nyingi. Mwili hauna neno. Nimetia saini, kwa ajili yako, kisha nikaomba pasipoti. Ofisa akaifungua, akasoma jina na kazi, akanitazama.

"Hii ni ya Wagdi Shukri Halim, msahihishaji," akasema. "Wewe umetuandikia kwamba si yeye."

Akaifungia kwenye droo. Naona aibu, mwanangu, na sijawahi kuogopa namna hii. Wameniagiza nikimwona Wagdi nimpeleke kwao.

Baba