Duvet ya Dolphine Iliyopelekwa kwa Wakwe

Lambwe,
Homa Bay.
17 Julai 2025

Mpendwa shemeji Onyango,

Pokea salamu zangu, na mkeo Monicah naye azipokee. Natumaini huko Doha mnaamka salama na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu wakubadilishie zamu. Sisi huku tunaendelea. Mama anatembea na fimbo yake mpaka kwa jirani na kurudi bila kushikwa mkono. Mume wangu Japheth, mdogo wako, ni mzima. Mahindi yamekomaa, na nyani wametuzoea mno, hivyo kila siku lazima mtu mmoja ashinde shambani.

Salamu zimekwisha. Nimezitoa kwa sababu nililelewa vizuri. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe na sina haja ya kuificha.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Wiki jana nilikupigia mara tatu, ukakata mara tatu. Kisha ukanitumia sauti ya dakika saba kwenye WhatsApp: aibu, ukoo, wakwe, heshima yako. Dakika saba nzima, na mwanangu Dolphine hukumtaja hata mara moja, na mtoto alikuwa ametoka hospitali juzi yake tu. Barua huwezi kuikata. Emmaculate wa kwa Omosa anasafiri Jumamosi kuja kuanza kazi huko, atakupa hii mkononi. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Kiluo changu cha Mkisii ulikwisha kukicheka vya kutosha siku ya harusi yangu.

Nianze na hiyo duvet, ambayo wewe kwenye ile sauti unaiita "blanketi tu".

Unajua mwanangu ana selimundu. Unajua baridi ikimwingia damu inakwama na mifupa inamuuma mpaka anang'ata mto. Alipokuwa na miaka minne wewe ndiwe uliyembeba mgongoni mpaka zahanati, mvua ikinyesha, na ukakaa naye pale siku nzima bila kula. Kwa hiyo usiniambie hukujua.

Mwezi wa tatu muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba Dolphine alale kwenye joto, lakini lisiwe la kumtoa jasho, na kitu cha kujifunika kisimlemee viungo. Yale mablanketi mawili mazito yalikuwa yakimwumiza magoti. Nikaenda Migori kwa Masese, yule Mkisii wa kwetu anayeuza mitumba. Aliponisikia akaanza kucheka. "Mama, huku ziwani na hii joto yote, duvet ni ya nini? Unataka kupika mtu?" Nilipomweleza habari za mtoto aliacha kucheka, akavuta kiti.

Shemeji, sikujua kuchagua duvet ni kazi ya kusomewa. Masese aliniambia nisitazame maua wala kung'aa. Kwanza niikunje, niikalie, kisha niinuke nione inafura upesi kiasi gani. Halafu niinyanyue kwenye jua nione kama kilichomo kimelala sawa, na nikague mishono ya miraba, kwa sababu isiyokuwa na miraba ukiifua mara mbili tu kila kitu kinakimbilia miguuni na kifuani mtoto anabaki na kitambaa. Mwisho nifunike mkono wangu na kuhesabu mpaka mia mbili. Mkono upate joto lakini kiganja kikae kikavu.

Nilikwenda mara tatu. Nilikataa duvet kumi na moja. Masese alisema hajawahi kuona mteja msumbufu namna hiyo, na wanawake wa kibanda cha pili wakaniita daktari. Ile ya kumi na mbili ilikuwa na rangi ya majivu na doa la chai kwenye pembe. Haipendezi hata kidogo. Lakini ni nyepesi, unaweza kuibeba kwa vidole viwili, na mkono wangu ulipata joto kabla sijafika themanini. Dolphine aliilalia, au niseme alilala, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Wiki kumi hakumeza hata panadol.

Sasa tuje kwenye ile Ijumaa ya mwisho wa Mei. Mimi nilikuwa sokoni Rangwe na maharagwe yangu. Wanaume walikuwa langoni tayari kwenda Osiri kwa kina Monicah kumaliza mambo ya mahari yako. Sukari ipo, unga upo, mbuzi wapo. Blanketi la mama mkwe halipo, na hilo lilikuwa fungu lako na ulikuwa umelisahau. Ukampigia Japheth ukamwambia, "Si kuna ile duvet ya Dolphine? Pelekeni hiyo. Nitatuma ingine." Na Japheth, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukuambia hapana, akaingia chumbani akaitoa kitandani kwa mwanawe. Wakaivisha kava jipya la dukani ili doa lisionekane.

Niliporudi nilikuta godoro tupu na mtoto amekaa juu yake akifanya hesabu za shule. Sikumsemesha Japheth wiki nzima. Chakula nilimpa, maneno sikumpa.

Ni kweli ulituma nyingine, sikukatalii. Ilifika katikati ya Juni, ya watu wawili, ina maua ya dhahabu, na ni nzito kama gunia lililonyeshewa. Mama aliipapasa akasema kweli mwanangu ana mkono wa kutoa. Lakini wewe uliichagua kwa macho! Simu ya dakika moja ingetosha kuniuliza, Dorah, mtoto anahitaji ya namna gani? Hukuniuliza. Kwako duvet ni duvet.

Chini ya hiyo dhahabu yako Dolphine alitoka jasho mpaka shuka likalowa. Magoti yakamuuma, akaisukuma chini, na baridi ya Lambwe ikamkuta akiwa maji matupu. Kulipopambazuka hakuweza kusimama. Alilia bila sauti, mdomo wazi tu. Siku sita alilala hospitali na dripu mkononi, na daktari akaniuliza, mama, huyu hujifunika nini? Nilikuchukia siku hiyo, shemeji, nakuambia wazi.

Tulipotoka niliifunga ile ya dhahabu kwenye mfuko nikamwambia Japheth naenda Osiri. Akaniambia, "Dorah, kwa wakwe hatuitishi kitu. Hata kama ni kijiko." Nikamwambia abaki na vijiko vyake. Nilikwenda peke yangu, na ninajua katika nyumba yenu hakuna mke aliyewahi kufanya hivyo.

Mama Monicah nilimkuta akianika nguo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitalia. Nilikuwa tayari kutukanwa. Alirudisha nguo mbichi kwenye beseni akauliza, "Kwani Onyango si aliniambia alininunulia hiyo kitu Nairobi?" Nikamwambia hapana, ilitoka kitandani kwa mtoto. "Mtoto mgonjwa? Na mimi nalalia kitu yake mwezi mzima, na hakuna mtu ananiambia?" Akaingia ndani akaitoa mwenyewe, akaikunja ndani ya leso yake na kunisindikiza mpaka barabarani. Ile ya dhahabu aliipokea vizuri, akasema itafaa kitanda cha wageni.

Basi niambie, nani ameaibishwa? Mama mkwe wako ana kitu chake, tena kikubwa na kipya. Mahari haijavunjika, na mbuzi hajarudi hata mmoja. Kilichotoka nje ni uongo wako tu, na huo sikuupeleka mimi Osiri. Wazee wanataka kuniketisha Jumapili wanihoji. Waje. Nitawapikia chai na nitawajibu mmoja mmoja.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Duvet ina siku tisa hapa nyumbani, na Dolphine hajajifunika hata siku moja. Iko kwenye kiti, imekunjwa, bado ina leso ya mama Monicah. Ile sauti yako Japheth aliifungua kwenye simu yangu ikasikika nyumba nzima tukiwa tunakula, na mtoto alisikia kila neno. Nilipokwenda kumtandikia aliniambia, "Mama, irudishe tu. Baba mkubwa akisemwa huko, ni juu yangu. Mimi nitavaa sweta."

Ana miaka kumi na mitatu. Damu yake inamtesa tangu anyonye, na bado amejitwika heshima ya mwanamume mzima aliyeko Doha. Nimembembeleza, nimefoka, nimempa siku mbili nikijifanya simjali. Kila nikimfunika anaikunja vizuri na kuirudisha kwenye kiti. Nalala naye kitanda kimoja nimkumbatie, lakini mimi si mkubwa wa kutosha kumfunika kote, na jana amesema goti la kushoto limeanza.

Sitaki pole zako. Sitaki mzigo mwingine kutoka huko. Ukimaliza kusoma hapa weka barua chini umpigie Dolphine, si mimi wala baba yake. Mwambie kosa lilikuwa lako. Mwambie ajifunike. Mimi mama yake nimesema mpaka koo limekauka na hanisikii, anangoja wewe useme, na hilo linaniuma kuliko yote uliyonifanyia.

Monicah mwambie mama yake ni mzima, na kwamba sikujua ana mama wa namna ile. Mama yako anakusalimu na anauliza lini utakuja. Japheth anakusalimu pia, ingawa hajui nimeandika. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa na mgongo mzima, maana pamoja na haya yote nyumba hii bila wewe haijai.

Wako akupendaye, na asiyekuogopa tena,
Dorah