Geti Lililomtambua Oddgeir na Matope Yake

Grøndal, Norwe
24 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Gudveig,

Hujambo, mwana wa mama? Goti lako linaendeleaje? Usinidanganye kwamba limepona, maana shemeji Sture aliniambia kwenye simu kuwa bado unapanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Huku sisi ni wazima, ila mimi nina mafua kidogo, na utajua nimeyatoa wapi ukisoma mpaka mwisho. Mwandiko wangu uuvumilie. Unajua shule niliiachia wapi.

Kondoo wote wameshuka salama kutoka mlimani. Jana tumekula supu ya kondoo na kabichi, nikakukumbuka unavyochagua pilipili manga moja moja na kuziweka pembeni ya sahani.

Sasa mwanangu Ragna. Unakumbuka aliacha kazi yake Oslo akarudi hapa nyumbani, mimi nikawa sipati usingizi kwa kufikiria ataishi vipi. Halmashauri ilimpa kazi ya kufunga geti kwenye barabara ya mlimani, mahali pa ule mnyororo wa jirani yetu Oddgeir. Unaujua mnyororo ule. Tuliuweka kuwazuia watalii, lakini ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikaa mfukoni mwa Oddgeir. Mwaka jana gari la wagonjwa lilipomjia mama yake, Borghild, aliyepatwa na kiharusi, yeye alikuwa juu kabisa kwa kondoo. Gari lilisimama pale dakika ishirini. Borghild alipona, ila maneno mengine hayajamrudia mpaka leo. Oddgeir halizungumzii jambo hilo, wala sisi hatumuulizi.

Basi Ragna akasimamisha nguzo mbili zenye kamera, moja kila upande wa barabara, na kwenye kompyuta akaweka programu inayosoma kibao cha namba. Gari likiwa kwenye orodha, boriti ya geti inainuka yenyewe: sisi wa hapa, nesi, daktari, zimamoto. Mwezi wa tano tukajaribu, na yote yakapita. Tukanywa kahawa, tukasifiana, tukasema geti litaanza kazi siku ya kushusha kondoo.

Siku hiyo ilipofika, dada yangu, halikupita gari hata moja. Matela yamepangana mpaka darajani, kondoo wanalia, mvua inanyesha, boriti imetulia kimya. Oddgeir akashuka na ufunguo wake akafungua lile kufuli la mnyororo, ambalo sasa liko kwenye boriti, akaiinua kwa mkono. Akamwambia mwanangu mbele ya watu wote, "Mashine yako inayajua magari ya kwenda kanisani tu, binti."

Watu walicheka. Mimi nilitamani nimfunike Ragna kwa koti langu. Kamati ikampa wiki mbili. Ikishindikana, kamera zinang'olewa, mnyororo unarudi, na yeye anarudi Oslo.

Alikaa siku mbili anaitazama kompyuta tu, chakula hagusi. Nikamwambia, mimi sijui kompyuta, lakini mwanangu, ulijaribu wiki ya sikukuu ya bendera. Wiki ile nani hapa haoshi gari? Ikishapita hiyo, nani analiosha tena? Akanitazama, halafu akacheka mpaka akalia. Kumbe programu ilikuwa imefundishwa kwa magari yanayong'aa, na sisi sote tulisimama pale tukaona sawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa dereva wake. Nimepita kwenye tope la shambani kwa Oddgeir, kisha getini, huku na huko, asubuhi na jioni, dirisha wazi ili nimsikie akinielekeza, ndiyo haya mafua. Kamera akazishusha chini. Akaipanga ile programu ichukue picha nyingi za gari moja na kuziunganisha, maana picha hii inaona herufi mbili, ile inaona tarakimu, hata namba nzima ipatikane.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kulijaribu geti mbele ya kamati. Meya alikuwa anakuja, na majirani zetu, kwa heshima zao, walifanya nini? Waliosha magari. Yote. Nilipoona safu ile inavyometameta, nilijua tukifaulu hivyo Oddgeir atasema kilekile. Nikachukua ndoo, nikaingia mtaroni na viatu vyangu vya kanisani, nikalipaka gari langu tope mpaka taa. Meya akauliza yule mama ana nini. Wenzangu wakaelewa, wakaanza kuchota na wao.

Boriti ikainuka kwangu. Ikainuka kwa wote kumi na moja.

Mwisho akaja Oddgeir kutoka mlimani na tela lake la kondoo waliochelewa, gari lake kama limefukuliwa ardhini. Akasimama. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Boriti ikapanda. Hakuondoka, akateremsha kioo akasema, "Nikishuka hivi, hata mke wangu huuliza ni nani."

Tukiwa bado tunacheka, akaja nesi, ni siku yake ya kumwona Borghild. Boriti ikapanda, naye akapita bila hata kupunguza mwendo, akatupungia mkono. Oddgeir alivua kofia akalitazama gari lile mpaka likapotea kwenye kona. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwa Ragna. "Chukua wewe," akasema. "Mimi nimechoka kukimbia."

Kamati imempa Ragna mkataba wa miaka mitatu. Wa bonde la jirani nao wamempigia. Anabaki, Gudveig. Mtoto anabaki nyumbani.

Nisalimie Sture, na Malin, na Elis mwambie soksi zake ziko tayari. Mungu awalinde barabarani na alitazame goti lako.

Najua uliapa hutarudi tena tangu mlipokaa saa nzima kwenye mnyororo mnapiga honi kwenye theluji. Ragna ameshaiingiza namba ya gari lenu. Njooni Krismasi, na msilioshe.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Torunn