Istikhara Ambayo Sikuiswali

Mpendwa mshauri Bi Saido,

Naomba msaada wako kabla sijaondoka duniani, na sitakuzungusha: tangu miezi mitatu iliyopita nimemficha mjukuu wangu kwamba istikhara aliyoniomba nimfanyie, Mungu amchagulie njia, nikamwambia nimeifanya na majibu nimeyaona, sikuiswali hata rakaa moja.

Mimi ni mzee wa Aston, mzaliwa wa Unguja, nilisomesha biolojia skuli za sekondari kwetu na baadaye hapa Birmingham mpaka nikastaafu, na sasa moyo umechoka kiasi kwamba kupanda chumbani kwangu lazima nikae kitako kila baada ya ngazi mbili tatu, na daktari ameniambia kwa upole nisipange mambo ya mbali. Mjukuu wangu nitamwita Thuwaiba. Alizaliwa Ohio kwa mwanangu Hafidh, ndoa ikavunjika, akaletwa kwetu hata skuli hajaanza, mimi na marehemu bibi yake Sikuzani tukamlea, akachukua shahada yake hapa, kisha akarudi Ohio kumalizia masomo yanayotakiwa huko na kufanya mtihani wa kuingilia udaktari, akafaulu vizuri sana, na siku nilipolazwa hospitali akaacha kila kitu akapanda ndege, akawa yeye ndiye anayenipimia presha, anayenipa vidonge na kunishika mkono nikienda msalani.

Vyuo alivyokuwa anavitaka ni vya udaktari wa osteopathi, na hapo ndipo ilipoanza fitina yangu. Huko Marekani mhitimu wa vyuo hivyo ni daktari kamili, anaandika dawa, anapasua, anafanya kila kitu, ila amefundishwa pia kutibu kwa mikono, mifupa na misuli. Hapa Uingereza mtu wa osteopathi si daktari wa hospitali, ni mtaalamu wa migongo na viungo, kwa hiyo watu wetu waliposikia neno hilo wakaamini mtoto anavuka bahari kwenda kujifunza kukanda. Jumapili moja tulikula kwa binti yangu Mwanakhamis, mtaa wa Balsall Heath, na Thuwaiba akaeleza mipango yake.

"Udaktari wa kukanda?" shangazi yake akauliza huku akipakua pilau. "Mbona hata mimi nakanda. Njoo nikufundishe hapa jikoni."

"Shangazi, ni daktari kabisa. Hata wewe nitakupasua."

"Unipasue mie? Anza kwanza kupasua nazi, maana ile ya juzi uliikamata kama bomu."

Watu wakacheka, na Thuwaiba naye akacheka, akanigeukia. "Babu, mwambie basi." Wote wakanitazama, maana kwetu mambo ya masomo nakata shauri mimi, nikisema neno limekwisha, na mimi nilikuwa nimeshasoma kila kitu kuhusu vyuo hivyo, najua mtoto anasema kweli, lakini nikaitazama sahani yangu nikasema, "Mambo ya Marekani, mwanangu, yana mengi." Basi. Nikamwacha akachekwa.

Wiki iliyofuata akaja kukaa kitandani kwangu na majina ya vyuo sita, akanieleza kimoja kimoja kama anamweleza mwalimu mwenzake, kwamba kipo kinachowatawanya wanafunzi wake miji ya mbali ikifika miaka ya mazoezi ya hospitali, na kipo chenye hospitali yake pale pale, kwamba cha Maine kina baridi lakini madarasa ni madogo, cha Missouri kinapenda wanaotaka kufanya kazi vijijini, na alichokiweka mbele ya vyote ni kile cha Ohio ambacho hakipo mbali na kwa baba yake. "Nitakaa na Baba," akasema, "nimjue kabla na yeye hajazeeka." Bi Saido, neno hilo lilinichoma, maana nilimlea mimi, na sasa Hafidh ambaye hajawahi kumfunga hata kamba za viatu ndiye atakayekaa naye miaka minne, huku mie nikifa kwenye nyumba hii nimeshikwa mkono na mhudumu aliyetumwa na ofisi. Akaendelea, hana habari ya yaliyo moyoni mwangu: "Babu, kichwa kimeniishia. Nifanyie istikhara. Uniambie nitume maombi wapi, au niache vyote."

Nikamwambia sawa. Baada ya Isha nikatia udhu, nikakaa kwenye kiti changu cha kuswalia, nikaelekea kibla, na hapo nikaogopa. Niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa. Nikavua kofia nikalala.

Asubuhi akaleta chai. "Umeota nini, Babu?"

"Moshi," nikasema. "Moshi mweusi, upande wa Marekani wote."

"Vyote sita?"

"Vyote."

Akaweka kikombe mezani, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba haya, basi, kisha akaniuliza kama nimekunywa vidonge. Hakulia wala hakubisha. Sasa ameajiriwa maabara, akitoka kazini ananipikia uji, na msikitini watu wananishika mkono wakisema nimebahatika kupata mjukuu anayemsikiliza babu yake, na kila anayenipongeza ananiumiza zaidi ya huu moyo. Vyuo vinafunga maombi kimoja baada ya kingine, na vilivyo wazi vinaendelea kujaza nafasi zao. Nikimwambia, naogopa hataamini tena istikhara wala mimi; nisipomwambia, nitazikwa na siri hii na yeye atabaki maabara akidhani Mungu ndiye aliyemkatalia. Kiswahili anakisikia lakini hasomi, ndiyo maana nimethubutu kuandika hapa. Nifanye nini?

Babu wa Aston

*

Shikamoo, mzee wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira, na nakujibu nikiwa na vyote viwili.

Kuogopa kufa peke yako si dhambi. Nimekaa na wazee wa kwetu katika wodi za mji huu, wauguzi wakiwashughulikia vizuri na bado hawajui kutamka majina yao, na najua upweke huo ulivyo. Ungemwambia Thuwaiba, "Mwanangu, naogopa, nisubiri," angekusubiri. Aliacha kila kitu akapanda ndege kwa ajili yako bila kuombwa. Kitu ambacho ungepewa kwa kuomba, wewe ulikichukua kwa jina la Mungu. Mimi si sheikh, kwa hiyo sala uliyoiacha utaizungumza na Mola wako, na mlango wa toba uko wazi mpaka pumzi ya mwisho. Milango ya vyuo haiko hivyo.

Usiniambie unahofia imani yake. Atakachopoteza ni imani kwako, labda kwa muda, na ana haki. Tena umechagua kutubu kwenye gazeti ambalo yeye hawezi kulisoma. Mzee wangu, huko ni kumkosea mtu wa nyumbani ukaenda kuomba radhi kwa jirani.

Sasa nisikilize. Leo, si kesho, mwite akae mbele yako. Mwambie kwa Kiingereza, ili lisimpite hata neno moja. Usianze na mapenzi yako wala ugonjwa wako. Anza na "sikuswali", kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, usishike kifua. Usimpe amri mpya ya kwenda badala ya ile ya kubaki. Istikhara ni ya mwenye shida mwenyewe. Ana ulimi, ana udhu, na hivyo vyuo anavijua kukuzidi wewe na mimi. Akishamaliza kukusikia, mpigie Mwanakhamis, umwambie waziwazi kwamba mtoto anakwenda kuwa daktari kamili, ulijua siku ile ya pilau na ukanyamaza, na kwamba zamu za kukuuguza zimefika kwake. Waombe kliniki yako wakueleze habari za wahudumu wa nyumbani. Mgeni huyo unayemwogopa, mfundishe jina lako mapema.

Kuna jambo moja umelipita. Umenieleza chuo anachokitaka kuliko vyote, mpaka na sababu yake, lakini hukusema kama bado kinapokea maombi. Mwalimu hasahau swali la kwanza kwenye mtihani wake mwenyewe. Nataka jibu, na Thuwaiba analitaka zaidi yangu.

Jibu hili nakuletea kwa mkono kabla halijachapwa. Gazeti linatoka Alhamisi, na Mwanakhamis namjua, huwa halikosi. Usimwache mtoto asikie habari yake kutoka kwa shangazi yake.

Saido

*

Jumatano Babu wa Aston alituletea maneno haya, akaomba yachapwe pamoja na barua yake. Tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Bi Saido, nimemwambia. Ilikuwa baada ya Alasiri, nikaanza na neno ulilonipa na nikanyamaza. Akakichukua kikombe changu akakiosha, na kilikuwa kisafi. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia sikutaka kufa mikononi mwa mtu nisiyemjua. Akalia, kisha akakasirika, na mimi katika umri wake wote sijapata kumwona amekasirika. Akaenda kukaa kwenye ngazi muda mrefu mpaka nikadhani ametoka nyumbani. Aliporudi alikuwa na kompyuta. Akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kufungua vyuo, kimoja kimoja. Nikataka kusogea nione.

"Usinisaidie," akasema, kwa Kiswahili. "Kaa tu hapo."

Vinne bado viko wazi. Atavipeleka mwenyewe kwa Mola wake na atachagua mwenyewe. Mwanakhamis analala hapa kuanzia leo, amekuja na mto wake na maneno yake yote, na nimeyastahili.

Uliniuliza kuhusu kile cha kwa baba yake. Thuwaiba naye aliniuliza, akiwa amekitazama kwenye kompyuta, na nakujibu kama nilivyomjibu yeye. Kilifunga maombi Ijumaa iliyopita. Tarehe hiyo niliijua tangu siku aliponitajia. Barua yangu ya kwanza kwako ilikuwa tayari wiki nzima, imetiwa stempu, iko mfukoni mwa koti, nami nikaitia posta Jumamosi, kesho yake.