Simu Iliyoacha Kugombeza Watu

Eldoret,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Goti bado linakusumbua, ama ile dawa ya kupaka imelituliza? Mimi ni mzima. Asubuhi za huku ni za sweta mbili, lakini nakula vizuri, na mursik ya jirani, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, nimeizoea mpaka naitamani. Nakuandikia kwa sababu nilikushtua niliposema huenda kazi ikaisha, ukaanza kuhamisha mahindi kutoka chumbani kwangu ukidhani narudi. Wacha nikueleze.

Unajua natengeneza programu ya simu ambayo makarani wa vituo huitumia kuita gari lipeleke mahindi ya wakulima kwenye mashine ya kukausha. Tuliwaambia waandike kilo. Wao huhesabu magunia, na gunia la huyu si sawa na la yule. Mwingine hulijaza mpaka anashona wavu juu. Basi nikaweka maandishi mekundu: ukiandika magunia, simu inakwambia umekosea.

Mwezi uliopita karani wetu wa Soy, Mama Chebet, aliita gari. Ikaenda pikapu. Dereva akakuta uwanja umejaa mahindi na wingu limeshuka. Mengi yalinyeshewa. Mkubwa wangu akanituma huko.

"Mama Chebet, mbona uliandika kilo moja?"

"Akinyi, hiyo simu yako inagomba kuliko mama mkwe. Nikiandika magunia, makosa. Nikirudia, makosa. Nikaandika moja. Ikanyamaza."

Wakulima walicheka sana. Mimi nilikuwa naangalia mahindi yaliyoloa. Mkubwa alisema makarani wasipozoea kilo kabla ya mavuno kuisha, programu itafungwa, na mimi niende nayo.

Nilijifungia na mawazo, unanijua. Kisha nikakumbuka wageni wetu. Hukuwahi kumwambia mtu anawe mikono. Ulihamisha tu jagi na beseni kutoka jikoni ukaviweka mlangoni, na kila aliyeingia akanyoosha mikono mwenyewe.

Nikaondoa wekundu wote. Sasa karani anaona picha mbili, gunia lililofungwa sawa na lile lenye wavu. Anagusa linalofanana na lake, anaandika idadi, na simu inamwonyesha kilo kwa tarakimu kubwa, kisha inauliza: "Tulete gari la kilo hizi?" Anayetaka kuandika kilo mwenyewe, nafasi iko juu kabisa, na ndiyo njia fupi.

Jumanne nilikuwa Soy. Mzee mmoja alifika akisema ana magunia kadhaa. Mama Chebet hakuinua hata macho.

"Magunia ni ya kubebea, Mzee. Hapa tunasema kilo. Yalete kwenye mzani."

Akaandika pale juu, picha hakuzigusa. Lori likaja, likatosha. Niligeuka nikajifanya nafunga kamba za viatu, maana machozi yalikuwa karibu. Ijumaa mkubwa akasema nibaki.

Nisalimie Nyanya, na umwambie blanketi lake nimeshalinunua. Msalimie kaka Ouma wa baiskeli, na mwalimu wangu wa hesabu ukimwona kanisani. Binamu anayekuletea barua hii umpe chai kwanza, ndipo umuulize habari zingine.

Basi Mama, rudisha mahindi yako chumbani kwangu. Na ukinipigia kuniambia ni mengi kiasi gani, tafadhali sema kilo.

Ni mimi bintiyo anayekuwaza,
Akinyi