Spika Niliyoikausha kwa Moto

Kwa Bwana Evodius,
Tangini, Kibaha.
14 Aprili, 1982.

Mzee Mwishehe,
Kijiji cha Chole, Kisarawe,
kupitia kwa Katibu wa Kijiji.

Mpendwa mjomba Mwishehe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na mguu wako umepungua uvimbe. Kila mtu anayetoka huko namuuliza habari za mguu huo, na kila mmoja ananipa jibu lake, basi nijibu wewe mwenyewe. Mvua huko zikoje? Mihogo imesimama? Na nguruwe pori, bado mnakula nao shamba moja?

Sisi huku ni wazima. Mke wangu Biubwa amekuwa mzito sana. Mkunga amemshika tumbo, akasema mtoto amekwisha geuka na zamu yake ni kabla ya mwezi huu kuisha, hivyo mama asitembee mbali wala asibebe kitu. Mimi mchana bado nachimba mitaro ya barabara kule Kongowe, viganja vimekuwa magome. Tunakula, tunashukuru. Sabuni ndiyo hakuna.

Baada ya salamu, mjomba, moyo wangu hauko mahali pake. Nina hofu, naandika neno hili bila haya, na wewe ndiwe uliyetajwa ndani yake.

Hapa tunakaa katika banda la uani kwa Bwana Evodius, fundi wa mitambo, mtu wa Bukoba. Kodi hatulipi, lakini bure si bure. Nikitoka mtaroni nafyeka uwanja wake, nateka maji, na kila jioni nabeba kasha lake.

Kasha lenyewe ni hivi. Bwana huyu hana mke wala mtoto, ana chumba cha muziki. Alinunua spika mbili kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, halafu akamwagiza seremala kasha la mninga, kubwa kama lile la nguo za bibi arusi, akatia ndani spika ya tatu, pana, ambayo kazi yake ni besi tu. Ni ule mvumo wa chini unaousikia tumboni kabla ya masikioni.

Shida ilikuwa besi haikai sawa chumbani. Pembeni ilijaa mpaka vioo vya dirisha vikalia, na pale katikati penye kiti chake ikapotea kabisa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Ana mashine ya kusawazisha sauti, yenye vifimbo vya kupandisha na kushusha, lakini kila alipopandisha besi ili aipate kitini, pembeni ilizidi kunguruma. Akasema tutafute kwanza mahali pa kasha, vifimbo vitafuata.

Ungetuona ungecheka. Kasha tuliliweka juu ya kiti chake kama shehe aliyealikwa hitimani, muziki ukapigwa, na mimi nikatambaa kwa magoti nikifuata ukuta, nasikiliza ni wapi mvumo umetulia.

"Hapo?"

"Hapo umejaa, Bwana."

"Na hapo?"

"Hapo umekufa."

Laurensia, mpishi wake, akapita na sinia akasema, "Zahoro, ukikutana na panya nisalimie."

Mahali tulipapata chini ya dirisha, mbali kidogo na pembe. Tukalihamishia kasha hapo, yeye akashusha kifimbo kimoja kidogo tu, na besi ikatandazika chumba kizima kama mkeka. Bwana Evodius alikaa, akafumba macho. Sijapata kumwona mtu akifurahi vile kwa kitu kisicholiwa.

Halafu akapata habari ya msiba, akaenda kwao kuzika, na nyuma yake masika yakaanza. Kile kioo cha dirisha kilichokuwa kikilia kila siku kililegea, mvua ya upepo ikakiangusha, maji yakaingia moja kwa moja kwenye kasha. Laurensia alipowasha tujue kama limepona, sauti ilitoka imelala, bu, bu, kama ngoma iliyosahauliwa nje.

Kwangu mimi jambo hilo halikuhitaji kufikiri. Wewe ndiye uliyenilea kando ya ngoma. Kila msondo uliolegea tuliota moto pamoja nao, ukakaza, ukaamka. Basi nilifungua kitambaa cha mbele, nikawasha makumbi ya nazi katika jiko, nikaliweka mbele ya spika. Karatasi yake ni nyeusi, imekaa kama kawa ya kufunikia chakula. Nikaigonga kwa kidole na kusikiliza, kama ulivyonifundisha, na kweli ilianza kukaza. Nikafurahi. Nikasogeza jiko.

Mjomba, si ngozi ile. Ghafla ukingo wake ulijikunja, gundi ikaachia, karatasi ikaenda upande kama kofia ya mlevi. Laurensia alisikia moshi akaja mbio kuuliza nani anapika chumba cha muziki. Alipoona, alikaa chini.

"Mwenzangu," akasema, "umemchoma mke wa mtu."

Yeye alinishauri tufute masizi na kusema ni mvua. Mvua haina mdomo wa kukana, alisema. Nami nikakubali, kwa sababu nilimkumbuka Adamu. Adamu ndiye aliyekaa banda hili kabla yetu. Alikwaruza sahani moja ya santuri, akafukuzwa siku ileile. Nilipofika hapa na mzigo wangu nilikuta kitanda chake kiko barabarani kinanyeshewa, na mkewe amekaa juu yake. Tangu niliposogeza jiko lile, kila nikifumba macho namwona Biubwa amekaa juu ya kitanda hicho na tumbo lake. Wala spika nyingine hainunuliki. Siku hizi hata betri za tochi tunazipangia foleni.

Jumapili Bwana Evodius alirudi. Hakunywa hata maji, alikwenda kuwasha muziki. Kasha likatoa sauti ya kuku anayepekua majani. Nilikuwa mlangoni, neno la mvua nimeliweka tayari mdomoni. Akafungua kitambaa, akapitisha kidole ndani, kikatoka cheusi. Masizi hatukuyamaliza.

"Zahoro." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikasema ni mimi. Nikasema mvua ililowesha, nami nikaikausha kwa moto kama ngoma.

"Kama ngoma," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mjomba wangu, Bwana. Yuko Chole, huwamba ngoma."

"Kwa ngozi ya nini?"

"Ya paa. Huikwangua mpaka inakuwa laini kama kitambaa."

Akazungusha kidole pale ukingo ulipoachia. Kisha akasema, "Mwandikie aje na ngozi yake. Na wewe hutahama hapa mpaka mjomba wako afike." Akafunga mlango.

Nimelipima neno hilo tangu Jumapili na halitulii. Sijui kama anakuita uitie spika ukingo mpya, au anakuita uje umchukue mtoto wa dada yako. Laurensia anaapa kuwa ni la kwanza. Biubwa naye, jana nilikuta amefunga sufuria zetu kwenye kanga.

Basi mjomba, nakuomba uje, na ngozi ya paa, nyembamba kuliko zote ulizowahi kukwangua. Lakini nisikilize vizuri. Amesema nisihame mpaka ufike, hakusema ufike lini. Masika haya ngozi haikauki upesi, na wewe mwenyewe ulinikataza kukausha ngozi mbichi kwa moto. Subiri jua. Usiharakishe. Mtoto akishalia nitaleta habari, hapo ndipo uanze safari. Bwana Evodius akiniuliza, nitamwambia mguu wa mjomba umevimba, na huo si uongo.

Nisalimie mama, umwambie mkunga wa huku ana mkono mzuri, habari za spika usimwambie. Nisalimie dada Mwanne na wanawe, na jirani yetu mzee Jumbe. Mungu aukaushe mguu wako taratibu, na mihogo yenu aiepushe na nguruwe, na sisi atuachie hili banda mpaka tuwe watatu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja bila haraka,

Zahoro